Kwa Mkono Mmoja Tu

Kila Jumamosi asubuhi, watoto wenzake wakiwa bado wanagombania blanketi, Chiriku alikuwa ameshainamia karai kubwa la maji safi, anasuuza vifaa vya kuzamia. Mapezi ya miguuni aliyapanga ukutani, miwani ya maji akaifuta kwa kitambaa laini, na vipumulio akavitundika kwenye misumari vining'inie kama popo. Kazi hiyo hakulazimishwa na mtu. Aliipenda, na alipenda zaidi kukaa karibu na wazamiaji asikilize hadithi zao.

Ghala la wazamiaji lilikuwa nyuma ya bwawa la kuogelea la mji. Kilikuwa chumba kirefu chenye sakafu isiyokauka na harufu ya mpira. Mkuu wao alikuwa mama yake Chiriku, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya chini, ambaye hakupenda kusema neno mara mbili. Kazi yake na wenzake ilikuwa kuzama katika lambo kubwa lililoupatia mji maji, na kung'oa magugu yaliyoziba chujio la vyuma kwenye mdomo wa bomba kuu. Magugu yakizidi, mabomba ya mji mzima hukohoa.

Jina la Chiriku alilipata shuleni, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Siku moja aliwaambia wenzake darasani, "Kwetu kuna risasi tele! Mama huzivaa kiunoni akienda kazini." Mwalimu alishtuka, akamwita mzazi upesi. Mama alikuja na kipande cha risasi mkononi, kizito kama tofali dogo, akaeleza kwamba hii si risasi ya bunduki bali ni madini yanayomsaidia mzamiaji kuzama, kwani mwili wa mtu na nguo zake nene hupenda kuelea. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Jumamosi moja Mama alimwita kwenye meza iliyokuwa ukingoni mwa bwawa. Palikuwa na vizibao vitatu vipya vya kuelea, vile vinavyojazwa hewa ili mzamiaji apande au atulie majini. Kila kimoja kilikuwa na mifuko miwili ya kutilia vipande vya risasi.

"Hivi tumeletewa tuvijaribu," Mama alisema. "Vya zamani vimechoka. Tutachagua aina moja, na wote tutavaa hiyo."

"Kwani havifanani?" Chiriku aliuliza.

"Kwa mbali vinafanana. Tofauti yake iko hapa." Mama aligusa mfuko mmojawapo. "Mzamiaji akipata shida juu ya maji, kwa mfano kizibao kimepasuka na hakishiki hewa, ile risasi inamvuta chini. Inabidi aitupe haraka. Kifungo kikikataa kufunguka, anazama. Lakini kikifunguka chenyewe akiwa chini kabisa, atarushwa juu kama kizibo cha chupa, na mapafu yake yanaweza kupasuka. Umeelewa?"

"Kwa hiyo kifungo kisiwe kigumu, wala kisiwe chepesi."

"Ndiyo. Kisimfungukie mtu asiyetaka, na kisimkatalie anayetaka."

Kizibao cha kwanza kilifunga mifuko yake kwa utepe wa kunasa, ule unaoachana kwa sauti ya *kraaa* kama wa viatu vya watoto wadogo. Cha pili kilikuwa chekundu, kinang'aa, na kifungo chake kilikuwa cha kubana pande mbili kwa vidole, kama cha mkoba wa shule. Cha tatu kilikuwa cha rangi ya majivu, na kila mfuko wake ulitokeza kishikio kinene cha mpira. Ukivuta kishikio, pini ya ndani inachomoka na mfuko unatoka.

"Hiki nacho ni kizibao au ndoo ya kutekea maji?" alidakia kijana mmoja, akagonga kile kishikio kwa dharau. Huyo alikuwa Chuma, mtoto wa Mjomba. Alikuwa na miaka kumi na minne, na tangu alipoweza kubeba mtungi wa hewa peke yake, dunia nzima ilibidi ijue.

Baba yake, yaani kaka yake Mama, alikuwa tayari ameingia majini na kizibao cha kwanza. Aliogelea, akapinduka kichwa chini miguu juu, kama wafanyavyo wanapong'oa magugu. Ghafla mfuko mmoja ukateleza *kraaa*, wa pili ukafuata, na Mjomba akachomoka majini kwa kishindo, miguu ikitangulia. Chuma na Chiriku walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mama hakucheka.

"Hapa ni bwawani," alisema polepole. "Kule lamboni tungekuwa tunambeba."

Kicheko kikaisha. Kizibao cha kwanza kikawekwa kando.

"Sasa cha pili," Mama aliendelea. "Nataka kijaribiwe na mkono mkubwa na mkono mdogo. Sindano hayupo, amesafiri, na mkono wake ni saizi ya wa Chiriku. Mtavaa glavu nene, mtaweka uso majini, na mtafungua kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili wa mzamiaji huwa umeshika kamba, kwa hiyo hesabuni kwamba haupo."

Sindano alikuwa mzamiaji mpya, msichana mwembamba ambaye wenzake walimtania kwamba akisimama ubavu, maji hayajui kama ameingia.

Chuma alianza. Aliruka ndani kwa mbwembwe, akaenda upande wa pili wa bwawa, akazamisha uso, na mara akaibuka ameinua mfuko juu kama kombe.

"Mkono mmoja, Shangazi!" alipiga kelele. Kisha akamwinamia Chiriku na kumnong'oneza, "Wewe na mikono yako ya uji, usijisumbue."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Alivaa glavu, akakazwa mikanda ya kizibao chekundu, akateremka mpaka maji yakamfika kifuani. Mama alisimama ukingoni, akimtazama. Chiriku alivuta pumzi, akazamisha uso, akapeleka mkono wa kulia kwenye kifungo. Akabana. Kidole gumba kilishika upande mmoja, lakini kidole cha pili, ndani ya ile glavu nene, kilikuwa kinene na kiziwi. Kikateleza. Akabana tena. Kikateleza tena. Pumzi ikaanza kumwishia.

Wakati huohuo Mjomba aliita kutoka ghalani, na Mama akageuza kichwa. Chiriku aliuona mguu wake ukigeuka ukingoni. Hakufikiri. Alileta mkono wa kushoto, akashika kifungo kwa mikono yote miwili, *tik*, kikafunguka.

Aliibuka na mfuko mkononi.

"Umeweza?" Mama aliuliza.

"Nimeweza."

"Kwa mkono mmoja?"

Chiriku alimwona Chuma amekaa kwenye ngazi, anasubiri kucheka.

"Mkono mmoja tu, Mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mfuko ulirudishwa, Mjomba akakivaa kizibao hicho, akapinduka, akajitikisa, na risasi haikutoka. Basi mambo yakawa yamekwisha. Chekundu hakifunguki ovyo, na mikono yote, mikubwa kwa midogo, imekifungua. Cha rangi ya majivu hakikujaribiwa kabisa. Mjomba alikitupia jicho na kusema, "Hiki hata sura yake inachosha," kikarudishwa kwenye boksi.

Njiani kurudi nyumbani Chiriku hakusema neno. Mama alimgusa paji la uso. "Unaumwa? Leo chiriku amemeza nini?"

"Nimechoka tu."

Alijiambia kwamba si kitu. Kifungo si kilifunguka? Mikono miwili, mkono mmoja, tofauti yake nini? Lakini uongo ni kama punje ya mchanga ndani ya soksi. Ni ndogo, ila kila hatua inakukumbusha kwamba ipo.

Jumapili alasiri Sindano alirudi safarini, akapita nyumbani kwa akina Chiriku kuchukua kile kizibao chekundu, maana yeye, akiwa mgeni kazini, hakuwa na cha zamani. Kesho yake wazamiaji walikuwa na kazi lamboni. Magugu yalikuwa yameshalifunika chujio, na bomba la jikoni kwa Mama lilikuwa linatoa maji kwa kudondosha, kama mtu anayelazimishwa kulia. Sindano alikaa sebuleni, akakilaza kizibao chekundu mapajani, akakipapasa kama mtu aliyeletewa nguo ya sikukuu.

"Hebu lete mkono," alimwambia Chiriku. Wakaviweka viganja vyao pamoja, na vidole vikalingana ncha kwa ncha. Sindano akacheka. "Pacha! Mama yako ameniambia ulikifungua kwa mkono mmoja, tena na glavu. Mdogo wangu, umenitoa wasiwasi. Nilikuwa naogopa, nisikufiche. Kule lamboni mkono wangu wa kushoto hauachii kamba, maana maji karibu na lile bomba yanavuta. Lakini kama wewe umeweza, na mimi nitaweza."

Chiriku alitaka kusema. Ulimi ukawa mzito kama umefungiwa ile risasi yenyewe. Aliishia kusema, "Karibu chai, Dada," na alipofika jikoni akasimama mbele ya jiko ambalo hata hakuliwasha.

Sindano alipoondoka, Chiriku alikimbia kwa Mjomba, nyumba ya tatu kutoka kwao. Chuma alikuwa uani anaziba pancha ya baiskeli.

"Nilidanganya," Chiriku alisema bila salamu. "Nilitumia mikono miwili."

Chuma aliendelea kukwaruza mpira. "Basi?"

"Basi Dada Sindano atakivaa kesho!"

"Maji yakimwagika hayazoleki. Ukisema sasa utagombezwa bure. Halafu, kwani kuna mtu amewahi kukitumia hicho kifungo? Ni cha dharura tu. Dharura haiji kila siku."

"Lakini wewe ulikifungua kweli. Kwa nini mimi..."

Chuma aliacha kukwaruza. Masikio yake yakabadilika rangi. Alitazama mlango wa nyumba, akashusha sauti.

"Mimi nilivua glavu," alisema. "Kule upande wa pili. Nilivua, nikafungua, nikavaa tena. Na glavu hakifunguki, Chiriku. Hata kwangu."

Mpaka hapo Chiriku alikuwa akijifariji kwamba kosa ni la mikono yake midogo, kwamba kifungo chenyewe ni kizima. Sasa aliona kwamba Mama alikuwa ameegemea nguzo mbili, na zote mbili zilikuwa za karatasi.

"Twende tukaseme," alisema.

"Nenda wewe. Baba atanichuna ngozi."

Chiriku alirudi peke yake. Mama alikuwa anakunja nguo, na redio inaongea kwa sauti ya chini. Chiriku alisimama mlangoni, akapiga moyo konde.

"Mama, kizibao chekundu sikukifungua kwa mkono mmoja. Nilitumia miwili ulipogeuka. Na Chuma alivua glavu."

Mama aliweka shati chini. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alizima redio, akakaa kitandani, akamtazama mwanawe kana kwamba anampima upya.

"Kwa nini?"

"Chuma alisema nina mikono ya uji." Machozi yakaanza kumtoka. "Na nilitaka uone kwamba naweza."

"Nami sikutaka kuona kama wewe unaweza," Mama alisema. "Nilitaka kuona kama *kifungo* kinaweza."

Akachukua simu. Chiriku alimsikia akimwambia Mjomba kwamba kazi ya kesho asubuhi imeahirishwa. Sauti ya Mjomba ilisikika mpaka nje ya simu: mji hauna maji, hospitali imeshalalamika, watu watasema nini? Mama alisubiri amalize. "Kaka," alisema, "watu wakikosa maji asubuhi moja watatutukana. Hayo nayaweza. Mtu wangu asipopanda, hayo siyawezi. Tukutane bwawani kesho mapema. Na mwanao aje."

Kulipokucha, wote walikuwa ukingoni mwa bwawa. Chiriku na Chuma walisimamishwa mbele ya wazamiaji, na Mama akasema, "Semeni wenyewe." Walisema. Chuma alisema akitazama vidole vyake vya miguu. Mjomba alifungua mdomo kumkaripia, kisha akaufunga, maana naye alikuwa amekihukumu kile kizibao cha tatu kwa sura yake tu.

Sindano alivaa kizibao chekundu, akavaa glavu, akashika kamba kwa mkono wa kushoto, akateremka kwenye kina na mtungi wake wa hewa. Mjomba alizama naye, hatua moja pembeni. Waliobaki juu walimwona chini ya maji, wazi kama kwenye kioo. Aliupeleka mkono kwenye kifungo. Akabana. Ukateleza. Akabana tena, safari hii kwa hasira. Mapovu yake, ambayo mwanzo yalipanda taratibu, yakaanza kupanda kwa fujo. Mara akaachia kamba, akatikisa kiganja kuomba msaada, na Mjomba akamshika kwapani akampandisha.

Sindano alijishikilia ukingoni, anakohoa. Hakuna aliyecheka. Chuma alikuwa amegeukia ukuta.

"Leteni kile cha ndoo," Mama alisema.

Kizibao cha rangi ya majivu kilitolewa kwenye boksi. Mjomba alikivaa kwanza, akapinduka, akajitikisa kama samaki aliyenaswa. Risasi haikutoka. Sindano akapumzika, kisha akakivaa. Alishika kamba, akazama, akapapasa ubavuni bila kutazama. Kile kishikio kinene kilijaa kwenye kiganja chake chenye glavu. Akavuta mara moja. Pini ikachomoka, mfuko ukatoka, akafanya vivyo hivyo kwa wa pili. Akapanda taratibu, Mjomba akiwa ubavuni kwake, kisha akabaki anaelea chali, anatazama paa la bwawa na kutabasamu.

"Chiriku, ingia nawe," Mama alisema.

Chiriku alishtuka. Hakutegemea kuaminiwa tena mapema hivyo. Alivaa, akashuka kwenye kina cha kifuani, akazamisha uso. Mama safari hii alisimama palepale na hakugeuka. Chiriku alipapasa, akashika kishikio, akavuta kwa pembeni. Hakikutoka. Akavuta kwenda mbele. Kikatoka.

"Umeweza?"

Chiriku alifuta maji usoni. Chuma alikuwa anamtazama, na wazamiaji wote walikuwa wanamtazama.

"Mara ya kwanza hapana," alisema. "Nilivuta kwa pembeni, kikagoma. Nilipovuta kwenda mbele ndipo kikakubali."

Mama alichuchumaa ukingoni. "Rudia, mbele ni upande gani hasa?"

Chiriku alimwonyesha. Mama alimwita Sindano naye aone, kisha kila mzamiaji akajaribu, mmoja baada ya mwingine, akivuta kwanza kwa pembeni na halafu kwenda mbele, mpaka mkono ukazoea njia yake. Kama Chiriku angesema tu "nimeweza", pengine hakuna ambaye angeliona hilo siku hiyo. Wakakubaliana kwamba kizibao chao kitakuwa hicho.

Siku hiyo hawakwenda lamboni. Mama alisema kwamba watu waliotoka kuogopa hawazami siku hiyohiyo. Jumanne walikwenda, na Chiriku alikaa shuleni huku masikio yakiwa kwenye bomba la uani. Wakati wa mapumziko maji yalikuwa bado yanadondoka. Kabla ya kengele ya mwisho, bomba lilikohoa, likatema maji ya rangi ya chai, kisha likamwaga maji meupe kwa nguvu mpaka mtoto aliyekuwa karibu akalowa viatu. Wenzake walishangilia. Chiriku alikaa chini kwenye ngazi za darasa, akasikiliza maji yakimwagika.

Jioni Mama na Sindano walirudi wamechoka, magugu yamewanasa kwenye nywele. Chuma alikuwa amefika na baba yake, akasaidia kuteremsha mitungi bila kujisifu hata kidogo. Walipokaa kunywa chai, alikohoa akasema, "Shangazi, samahani. Na wewe, Dada Sindano."

Sindano alimsukuma bega kwa utani. "Nimesikia. Kesho utanisugulia mapezi."

Mama aliweka kikombe chini.

"Sikilizeni, nyote wawili," alisema. "Hakuna aliyewaomba muwe hodari. Niliwaomba mniambie kilichotokea. Mtu akiniambia 'nimeshindwa', ananipa kitu cha kufanyia kazi, maana nitatafuta kifungo kingine. Lakini akiniambia 'nimeweza' na hakuweza, ananipa kamba iliyokatika na kuniambia nimfungie mtu mwingine. Aibu ya kushindwa ni ya dakika moja, na inaishia kwako. Uongo huvaliwa na mwingine. Huu wenu ulikuwa unakwenda kuvaliwa na Sindano."

Sindano alinyoosha mkono, akamshika Chiriku mkono wake mdogo, akaubana.

"Ila umesema kabla sijazama," alisema. "Hilo nalo halitanitoka moyoni, mdogo wangu."